Rolibaa ya pikapu: ing'ae au ishike?

Juzi kati kaja jamaa mmoja hapa gereji kwetu Mwanga, Kigoma, ana Hilux dabo kebini ameichukua mkononi kwa mtu, bado ina vumbi jekundu la njia ya Kasulu, hajakaa hata kwenye benchi katoa simu ananionyesha picha. "Fundi nataka kama hii." Rolibaa ya stenlesi, bomba nene kama paja la mtoto, inang'aa mpaka unaona mawingu ndani yake. Nikamuuliza, kaka hii unataka ikufanyie kazi gani? Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini amevaa suruali. "Si rolibaa fundi, gari likipinduka inaokoa. Na ipendeze."

Hapo sasa ndo penye kizungumkuti, maana "iokoe" na "ipendeze" ni oda mbili, na mtu anazitoa kwa pumzi moja kama vile ni kitu kimoja. Na swali la pili huwa linafuata palepale: stenlesi si ndo chuma kigumu kuliko vyote? Wiki haipiti sijaulizwa, kwahiyo leo naandika mara moja niwe namtumia mtu asome.

Kwanza tukubaliane kuna rolibaa za aina tatu mtaani. Kuna ya kushikia, yaani abiria wa nyuma ashike na wewe ufungie kamba ya mzigo. Kuna ya urembo, ile ya kubeba taa nne juu na kulifanya gari lionekane limesimama. Alafu kuna ya kweli, ambayo gari likilala kichwa chini hiyo ndo inabaki kati ya paa na ardhi. Zile za kung'aa zinazokaa kwenye bodi nyuma ya kebini nyingi ni aina ya pili, na wanaoziunda wengi hawasemi popote kwamba zinazuia gari likipinduka, sisi ndo tumezipa hiyo kazi kwa jina. Ukitaka ya urembo hamna dhambi, sema tu ni ya urembo nami nikutoze bei ya urembo, ila usije ukawapandisha watu sita nyuma ukiamini wana kinga.

Mi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Miaka hiyo ndo nimeanza kujiona fundi, mteja wangu mmoja alikuwa anabeba chumvi kutoka Uvinza, akataka rolibaa ya stenlesi inchi tatu, nikaipiga kwa roho moja, nikaisugua mpaka nikajiona usoni. Masika gari likateleza kwenye tope likalala ubavu halafu likamalizia juu chini mtaroni, taratibu tu, sio spidi. Kwa rehema za Mungu hamna aliyeumia zaidi ya michubuko. Nilivyofika kuangalia, rolibaa yangu nimeikuta imelala pembeni kwenye majani, nzima, haina hata mkwaruzo wa maana, bado inang'aa, ila kwenye kila mguu wake kuna kipande cha bati la bodi kimening'inia, ukubwa wa sahani, na bolti zangu zimo humohumo zimekaza vizuri kabisa. Yaani bomba halikushindwa, weldingi haikushindwa, bolti hazikushindwa. Bati ndo lilichanika kama khanga kuukuu, rolibaa ikaaga ikaenda zake.

Ndo maana mi nikiulizwa materio gani nzuri, naanzia miguuni. Bati la bodi ya pikapu ni jembamba, ukiligonga kwa kidole linaita. Ukitoboa tundu ukaweka bolti na washa ndogo, nguvu yote ya gari inakaa kwenye duara la washa lile, na bati linachanika kuzunguka hapo. Hata kama hapo juu umeweka chuma cha kifaru. Wenzetu wa mashindano ya magari wana kanuni, ile ya Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, wao kwa keji, yaani kizimba cha mabomba ndani ya gari la mashindano, wanataka kila mguu wa upinde mkuu, lile bomba kubwa lililokunjwa kama goli, ukae kwenye bamba la chuma lisilopungua milimita 3 unene, eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, yaani kama sentimita 10 kwa 12, lichomelewe kwenye bodi, na bolti zisipungue 3, za M8 kwenda juu, daraja la 8.8. Hiyo 8.8 utaiona imeandikwa kwenye kichwa cha bolti, kama kichwa ni kipara hakina namba, hiyo ni bolti ya kufungia kitanda. Mi kwa pikapu naweka bamba juu, bamba lingine chini, bati linabanwa katikati kama nyama kwenye chapati, alafu inapowezekana naliteremsha bamba la chini likapumzike karibu na pale bodi inapofungwa kwenye chasisi.

Na usiifunge rolibaa ya bodi ikashikana na kebini. Kwenye pikapu hizi kebini na bodi ni vitu viwili vimekaa juu ya chasisi moja, gari likipita kwenye mashimo kila kimoja kinacheza kivyake, we simama pembeni uangalie ule uwazi wa katikati unavyofunguka na kufunga. Ukiviunganisha kwa bomba, baada ya miezi utaanza kuona nyufa na utasema fundi mbaya. Na ukweli mwingine mchungu, rolibaa ya kwenye bodi hata ikiwa imara vipi, inasaidia paa la kebini kwa kiasi tu, kwa sababu ipo nyuma ya paa sio ndani yake. Anayetaka kinga ya dereva kwelikweli inabidi bomba zipite ndani ya kebini, na hapo kuna jambo watu hawalifikirii, kichwa chako bila mkanda na bila sponji ngumu kwenye bomba, hiyo keji ndo itakayokupasua. Unajigonga na chuma nilichokiweka mimi.

Baada ya miguu ni umbo. Hili mafundi wa kenchi wanalijua kuliko sisi wa magari. Upinde peke yake, kama goli la mpira, ukiusukuma kutoka mbele unalala. Unahitaji miguu miwili ya nyuma iliyolala, na isilale kidogo kidogo ya kujionyesha, kule kwenye mashindano wanataka isipungue nyuzi 30 kutoka kwenye wima. Halafu bomba moja la mshazari katikati ya upinde, kona hadi kona. Pembetatu, basi. Bomba la bei ya chini lenye pembetatu linalishinda bomba la bei mbaya lililokaa kama goli, na hapa ndo urembo unapoanza kugombana na nguvu kwa mara ya kwanza, kwa sababu mshazari wateja hawaupendi, unaziba kioo cha nyuma na picha ya kwenye simu haina.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, na nianze na kitu kinachowachanganya wengi: kwa nini bomba na sio nondo, si nondo imejaa? Chukua nondo ya milimita 20, mita moja ina kilo 2.47, kila mtu wa ujenzi anajua. Chukua bomba la kipenyo cha milimita 50 lenye ukuta wa milimita 2, mita moja ni kilo 2.37, yaani chuma ni kilekile karibu, bomba ni jepesi hata kidogo. Ila ukija kulikunja, bomba linakataa kupinda mara 11 ya nondo. Na ukihesabu mzigo unaoanza kuliharibu, kwa chuma cha ubora uleule, ni zaidi ya mara 4. Sababu ni kwamba kitu kikipindwa, kazi yote inafanywa na nyama ya nje, upande mmoja unavutwa mwingine unakandamizwa, ile ya katikati inakaa tu inakula posho. Bomba limeitoa nyama ya katikati likaipeleka nje.

Haya, mjanja atasema basi tuchukue bomba nene sana lenye ukuta mwembamba, inchi tatu, ukuta wa 1.2, si litashinda yote? Kwenye karatasi ndio. Hesabu inasema inchi tatu ya ukuta wa 1.2 inakataa kupinda zaidi ya mara mbili ya ile 50 kwa 2. Lakini hesabu inaamini bomba litabaki duara, na bomba jembamba halibaki duara. Chukua kopo la soda tupu, lisimamishe, likandamize taratibu na kiganja, linabeba. Alafu liguse ubavuni kwa kidole kidogo tu huku umelikandamiza. Umeona? Gari likipinduka haliweki uzito wake kwa adabu katikati ya bomba, linaangukia jiwe, kisiki, kingo ya kalavati, sehemu moja ndogo, bomba linabonyea hapo, na likishabonyea linajikunja palepale. Kwahiyo ule unene wa nje unaoupenda kwenye picha, bila ukuta, ni kopo.

Hao FIA kwa upinde mkuu wanataka 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2.0, bomba lisilo na mshono lililovutwa baridi, chuma cha kaboni cha kawaida, uwezo wa kuvutwa usiopungua megapaskali 350, kwa lugha ya hapa gereji ni kama kilo 36 kwa kila milimita ya mraba kabla halijakatika. Chuma cha kawaida wala sio cha ajabu. Magari yanayorukaruka porini kwa spidi ya kufa mtu yanalindwa na ndugu yake na hiki chuma tunachochomelea mageti.

Kuna maneno matatu watu wanayachanganya wakisema "kigumu". La kwanza ni kutopinda, kitu kinavyokataa kunyumbuka. La pili ni mzigo gani kinabeba kabla hakijapinda jumla, kikabaki kimepinda. La tatu ni kinavumilia kupindwa kiasi gani kabla ya kukatika. Kwa rolibaa hilo la tatu ni la thamani sana, kwa sababu bomba linalojikunja polepole linakuwa linakula ile nguvu ya ajali, na bomba linalokatika halijala kitu. Chungu cha chuma cha kumwaga ni kigumu kweli, kiangushe kwenye simenti uone kinavyopasuka.

Sasa stenlesi. Ile 304 ya kawaida, yenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8, inaanza kupinda jumla kwenye kilo kama 21 kwa milimita ya mraba. Chuma cha kawaida cha ujenzi kinaanza kwenye 24. Umesikia vizuri, ile ya kung'aa inaanza kupinda mapema kidogo. Ila kwenye lile neno la tatu stenlesi ni mbabe, inavutika sana kabla ya kukatika, na kadri inavyopindwa ndivyo inavyozidi kukaza. Kwahiyo mi sisemi stenlesi ni mbovu, anayesema hivyo hajaielewa. Shida yake kwetu ni mbili. Bei inakufanya ununue ukuta mwembamba, ndo maana nyingi unazoziona ni kopo. Na kuichomelea kunataka tigi, ile weldingi ya gesi, na gesi yenyewe ya agoni, tena ndani ya bomba upitishe agoni, vinginevyo upande wa ndani wa mshono unaungua unakuwa mweusi wa chengachenga kama sukari guru iliyoungua kwenye sufuria. Joto likiingia haliondoki upesi, na inatanuka kuliko chuma cha kawaida kama mara moja na nusu, unaikuta imevutika imekaa upande.

Kuna na ya 201, hii wamepunguza nikeli wakaweka manganisi, rahisi zaidi, mwanzoni inang'aa vilevile, baadaye inaanza kutoa madoa ya chai. Watu wanakuja na sumaku kupima, nawaonea huruma, sumaku haishiki 304 na haishiki 201 pia, kwahiyo hapo haikusaidii. Inakusaidia kumkamata anayekuuzia bomba la chuma lililopakwa kromu akasema ni stenlesi, hilo sumaku inalinasa paa! Ila ujue tu 304 ikishakunjwa baridi, pale kwenye kona inaweza kuishika sumaku kidogo, usimrukie mtu shingoni.

Na kwa wabeba chumvi wa Uvinza niwaambie, stenlesi haipendi chumvi. Inatoboka vitundu vidogo kama imedonolewa na kuku, hasa pale chini miguuni chumvi inapolala na unyevu. Kuna 316 yenye molibdenamu ndani yake inavumilia zaidi, bei yake sasa utauza na gari.

Tukija bomba la maji, lile la mabati, ndo maarufu kuliko yote huku mwisho wa reli, kwa sababu lipo. Kwanza jua halipimwi kama bomba la fanicha, la maji linaitwa kwa njia ya maji ndani, kwahiyo inchi moja na nusu ukiipima nje kwa venia, kile kipimo cha kubana, ni milimita 48.3. La uzito wa kati lina ukuta kama 3.2, kwahiyo kwa kutopinda linazidi hata ile 50 kwa 2. Ni zito, urefu mmoja wa mita 6 unagonga kilo 21, na uzito huo unauweka juu ya gari, gari linakuwa na kichwa kizito, usisahau hilo. Lina mshono kwa urefu wake, ukilikunja uuweke mshono pembeni ya mkunjo, sio mgongoni wala tumboni. Na ile zinki lazima uikwangue kwa grainda pale unapochomelea, ule moshi mweupe ukiuvuta mchana, jioni unatetemeka na homa unakimbilia kupima malaria na malaria hamna. Mafundi wanakunywa maziwa wakiamini yanasafisha. Hayasafishi chochote, ni maziwa tu, fungua mlango hewa ipite na uvae barakoa ya maana.

Alminiamu nitaipita haraka. Uzito wake ni theluthi moja ya chuma na kutopinda kwake pia ni theluthi moja. Ile ya kishua ya 6061 inabeba mzigo mzuri tu, kilo 28 hivi kwa milimita ya mraba, ila ukishaichomelea, pale pembeni ya mshono inarudi karibu nusu kwa sababu ugumu wake ulitokana na kupikwa na wewe umeupika upya. Na za kwetu huku ni zile za fremu za madirisha. Hapana.

Kromoli, ile 4130 ya watu wa mashindano, inabeba karibu mara mbili ya chuma cha kawaida kabla ya kupinda, kwahiyo wanatumia ukuta mwembamba gari liwe jepesi. Kwa kutopinda ni sawa na chuma chochote. Na inataka fundi anayejua kuiacha ipoe. Kuagiza bomba hilo lifike Kigoma kwa ajili ya Hilux ya kubeba mawese ni kununua suti ya kwenda kuvulia dagaa.

Kwahiyo mi kwa ya kazi nachukua bomba jeusi, la chuma cha kawaida, 50 kwa 2 au zaidi kidogo, lisilo na zinki. Na hapa ndo penye ujanja wa kununua. Ukiambiwa ukuta ni 2, usiamini mdomo wala usiamini ile ncha ya bomba, maana ncha imekatwa ina vijino vinaonekana vinene. Pima uzito. Chukua kipenyo cha nje kwa milimita, toa unene, zidisha kwa unene, zidisha kwa 0.02466, unapata kilo kwa mita. 50 kwa 2 inatoka 2.37, urefu wa mita 6 ni kilo 14.2. Kama ukuta ni 1.5 urefu huohuo utapata kilo 10.8 tu. Mi huwa nabeba bomba naenda nalo kwa mama anayepima magunia ya dagaa, mzani wake ule wa kuning'iniza, tunalifunga kamba katikati linaninginia kama mizani ya hakimu, watu wanacheka, ila nimewahi kurudisha bomba nne dukani kwa staili hiyo na hawakubisha.

Sasa urembo unaokula nguvu, huu ndo unaonikera. Mteja anasema mshono usionekane. Fundi anachukua grainda anausawazisha mpaka unalingana na bomba, anapaka puti, anapiga rangi, limetoka kama limezaliwa hivyo. Ile nundu ya mshono ndo nyama yenyewe iliyoshika! Umeisaga umeitupa chini imekuwa unga, umebakiza ngozi. Alafu puti inaficha ufa, siku ufa ukianza hutauona. Mshono mzuri uache uonekane, ukiwa na magamba yamepangana vizuri kama ya samaki, huo nao ni urembo kwa anayejua kuangalia.

Kona nazo. Kuna anayekata bomba nyuzi 45 akaunganisha kona kali, inaonekana kisasa, ila umeweka mshono palepale penye mzigo mkubwa. Kunja. Na mkunjo usiwe wa ubahili, kanuni ya FIA ni nusu kipenyo cha mkunjo, ukipima katikati ya bomba, kisipungue mara 3 ya kipenyo cha bomba, kwahiyo la 50 ni sentimita 15. Baada ya kukunja weka venia pale konani, kipimo chembamba kisipungue asilimia 90 ya kipimo kinene, kikipungua hapo bomba limelala, tupa. Wanaokunja kwa mchanga na moto, mchanga uwe mkavu kabisa, uanike, uukaange, maana ukiwa na maji ukaziba pande zote mbili ukaweka moto umetengeneza bomu. FIA wanataka ikunjwe baridi, kwa mashine, na mi nikipata mashine ndo naitumia.

Na pale bomba linapokutana na bomba, kata ncha kwa umbo la mdomo wa samaki, likae limemng'ata mwenzake pande zote, usijaze uwazi kwa fimbo za weldingi kama unaziba panya. Vijana wangu nawaambia mdomo wa kuhe, sio mdomo wa dagaa, ufunguke vizuri. Fimbo zenyewe ziwe aina ya 7018, na ziwe kavu, zikilala nje usiku wa masika zinashika unyevu na mshono unapata ufa wa ndani. Taa usitoboe bomba, tumia kishikio cha kubana. Tundu linapunguza nguvu na linaingiza maji, na bomba linaliwa kutoka ndani wewe nje unapaka nta.

Mtu ananiambia chuma cha kawaida kitaoza. Kaka, pale bandarini kuna meli ya Liemba. Imeundwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa meli na reli mpaka hapa, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 wakiwa wameipaka grisi injini zake, imekaa chini ya maji mpaka 1924 Waingereza wakaiinua, 1927 imerudi kazini. Haikuwa stenlesi. Ziwa letu ni maji baridi, hewa yake haina chumvi ya Tanga, chuma kikikwanguliwa vizuri, kikapigwa oksaidi nyekundu tabaka mbili, alafu rangi nyeusi ya kufifia juu, kinakaa miaka. Na rangi ina faida moja stenlesi haina, ufa ukianza unaona kamstari ka kutu kamejichora kwenye rangi, unajua mapema.

Yule jamaa wa Hilux tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tumekubaliana hivi: mwili wote bomba jeusi 50 kwa 2, miguu minne na mabamba yake, mshazari nimemsogezea usizibe kioo katikati, rangi nyeusi. Juu yake, pale abiria wanaposhika, nimemfungia bomba moja jembamba la stenlesi kwa vishikio vya mpira, halibebi kitu, ni la kung'aa tu na la mikono. Kalipiga picha hilo kabla hata sijamaliza kusafisha. Nati nimezichora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye bamba, nimemwambia arudi baada ya wiki mbili za njia ya Kasulu, nitachuchumaa chini ya bodi niangalie mistari yote kumi na mbili kama bado imenyooka.